Mackay wa Nateete: Mzungu wa Kazi aliyeishi na chuma kilichochakaa

Alexander Mackay aliingia Buganda mwaka 1878 akiwa na mitambo iliyokwisha kushika kutu na mashua iliyokatwa katikati ikaungwa upya. Huko Nateete, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Kampala, aliendesha karakana kwa miaka karibu 9, wakati ambapo kipuri kilichoagizwa kilihitaji miezi mingi kufika, kama kilifika.

Anayetoka katikati ya Kampala kwa barabara ya Masaka hupita Nateete kabla ya kuuacha mji. Ni mahali pa soko, pa teksi zinazopakia abiria, pa bodaboda zinazosubiri, na pa mafundi wanaofungua injini kando ya njia huku mikono yao ikiwa myeusi kwa oili. Miaka 140 na zaidi iliyopita hapakuwa na barabara hiyo wala injini. Palikuwa na migomba, njia za miguu zilizoelekea kilima cha Rubaga alikokaa Kabaka Muteesa wa Kwanza, na karakana moja ambamo mlio wa nyundo juu ya fuawe ulisikika. Mwenye karakana alikuwa Mskoti wa kimo kifupi na ndevu za rangi ya kahawia. Watu wa Buganda walimpa jina ambalo halikuwa la Kiganda wala la Kiingereza, bali la Kiswahili kilicholetwa na misafara ya pwani: Mzungu wa Kazi.

Habari zake husimuliwa zaidi makanisani, kwa kuwa alikuwa mmisionari wa shirika la Kianglikana la CMS. Lakini Mackay hakuwa kasisi. Alikuwa mhandisi, na sehemu kubwa ya siku zake barani Afrika aliitumia kupambana na mambo matatu yanayojulikana na kila fundi: kutu, mchanga na uchakavu.

Kutoka Rhynie hadi Zanzibar

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Baba yake, mchungaji wa kanisa la huko, alimfundisha nyumbani mpaka alipokuwa kijana, akitumaini kwamba mwanawe naye angeshika kitabu na mimbari. Mtoto alipenda vyuma. Husimuliwa kwamba alikuwa akitembea maili kadhaa hadi kituo cha reli ili tu aitazame injini ya gari moshi ikisimama kwa dakika chache kisha ikaondoka.

Alisomea ualimu Edinburgh, kisha uhandisi katika chuo kikuu cha mji huo, na akapata mazoezi ya mikono katika karakana za Leith, bandari iliyo jirani. Katika karakana za namna hiyo kijana alifundishwa jambo ambalo vitabu havikulieleza vya kutosha: chuma kipya si lazima kiwe chuma kilicho tayari. Sehemu mbili zilizokerezwa hivi karibuni, hata zikionekana laini kama kioo, zina vilima na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Zikikutanishwa na kuendeshwa kwa nguvu siku ya kwanza, vilima hivyo husagana, joto hupanda, na sehemu zote mbili huharibika kabla hazijafanya kazi yoyote ya maana. Fundi mwenye subira huiendesha mashine mpya polepole, kwa mafuta mengi, akigusa kila mara kwa kiganja kusikia joto, na baada ya saa kadhaa huifungua, huifuta, huikaza upya na kuijaza mafuta safi. Ndivyo vyuma vinavyozoeana.

Kanuni hiyo haijazeeka. Fundi wa Nateete humwambia mwenye bodaboda aliyetengenezewa injini asikimbize pikipiki katika safari zake za kwanza. Wasikilizaji wanaoishi katika nchi za baridi kali huenda wameiona kwenye mashine za kwendea thelujini: vipande vya plastiki ambavyo mkanda wa mashine huteleza juu yake havina mafuta mengine ila theluji yenyewe. Vikiwa vipya visipozoeshwa taratibu, au mashine ikipelekwa kasi mahali palipo na barafu tupu, huyeyuka na kulika kabla ya wakati wake.

Mwaka 1873 Mackay alikwenda Ujerumani, akafanya kazi Berlin katika kiwanda cha mashine kama mchoraji wa michoro ya uhandisi. Maisha mema yalikuwa mbele yake. Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya msafiri Henry Morton Stanley, aliyekuwa amekaa katika ikulu ya Muteesa. Stanley aliandika kwamba Kabaka anahitaji walimu, na kwamba mtu wa kufaa ni yule anayeweza pia kujenga, kulima na kufundisha kazi za mikono. Mackay alijitolea. Aprili 1876 alipanda meli Southampton pamoja na wenzake wa msafara ulioongozwa na Luteni Shergold Smith, na mwisho wa Mei alikuwa Zanzibar. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Barabara iliyowala ng'ombe

Alianza vibaya. Aliugua homa njiani kuelekea bara, akarudishwa pwani. Badala ya kukaa bure, mwaka 1877 alipewa kazi ya kufungua barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa maili 230 hivi, yaani kilomita zipatazo 370. Njia za misafara zilikuwa nyembamba kiasi cha mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Mackay na vibarua wake walifyeka vichaka, walikata miti na kutengeneza vivuko vya mito.

Barabara ilikamilika, lakini magari hayakufika mbali. Matope ya masika yaliyameza magurudumu, na mbung'o waliwaua ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Kwa mtu wa mashine, safari ile ilikuwa shule ya aina yake. Ekseli ya gari huishi kwa mafuta. Lakini mchanga ukiingia ndani ya mafuta hayo, mafuta hugeuka kuwa tupa na kukila kile kilichokusudiwa kulindwa. Dawa yake haina ujanja: kufungua, kusafisha, kupaka upya, na kufanya hivyo tena kesho. Magari yaliachwa, na mizigo ikarudi juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, kama ilivyokuwa desturi ya nchi. Ni haki kusema kwamba mitambo ya Mackay ilifika ziwani kwa nguvu za Wanyamwezi na watu wa pwani, ambao majina yao hayakuandikwa.

Katika safari hizo alijifunza Kiswahili. Kwa miaka ya mwanzo ndiyo iliyokuwa lugha yake ya kazi na ya mahubiri.

Kageyi: siku 10 za kufuta kutu

Alipofika Kageyi, kusini mwa Ziwa Victoria, Juni 1878, alikuta msiba na fujo. Shergold Smith na O'Neill walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba iliyotangulia, katika ugomvi na watu wa Mfalme Lukonge. Mali waliyoiacha ilikuwa imerundikwa ndani ya kibanda: pete za boila, vitabu vilivyoliwa na mchwa, herufi za chapa zilizomwagika, misumari, dawa, silinda ya injini pembe hii na fimbo ya pistoni pembe ile. Unyevu na vumbi vilikuwa vimefanya kazi yao.

Wengi wangeandika barua ya kuomba vifaa vipya. Mackay alijifungia na rundo lile kwa siku 10 hivi. Alikwangua, alifuta na kupanga, akaunganisha injini ya mashua mpaka parafujo ya mwisho, akaziweka herufi katika visanduku vyake, akatenga zana kwa aina zake. Kwa furaha aligundua kwamba karibu kila sehemu ya lazima bado ilikuwapo. Kutu ya juu hutisha zaidi kuliko inavyoharibu. Fundi huijua kwa kukwangua, si kwa kutazama. Katika siku hizo pia alivuka kwenda Ukerewe bila silaha kuonana na Lukonge, ingawa watu wa Kageyi walimwonya asiende. Alirudi salama.

Mashua ya msafara, iliyoitwa Daisy, ilikuwa imechoka vilevile. Aliirekebisha, na Agosti alitweka tanga pamoja na mwenzake, Charles Wilson. Dhoruba iliwatupa kwenye ufuo wa magharibi wa ziwa, na mashua ikavunjika omo na tezi. Mbao za kuitengeneza hazikupatikana. Walichokifanya ni hiki: walikata kipande cha futi 8 kutoka katikati ya mashua, wakatumia mbao za kipande hicho kuziba pande mbili zilizovunjika, kisha wakaileta omo karibu na tezi na kuziunga. Kazi ilichukua wiki 8. Chombo kilichorudi majini kilikuwa kifupi kuliko kile kilichotoka Uingereza, lakini kilielea, na Novemba 1878 kiliwafikisha Buganda.

Karakana ya Nateete

Muteesa aliwapa wamisionari kiwanja Nateete. Mackay alifunga mivukuto na tanuri, mashine ya kukerezea, jiwe la kunolea linalozunguka, na baadaye mtambo wa kupigia chapa. Buganda haikuwa nchi isiyojua chuma. Wahunzi wake walifua mikuki, majembe na visu vizuri, na seremala zake walichonga mitumbwi na ngoma. Kilichokuwa kigeni ni mzunguko: gurudumu linalogeuka juu ya mhimili wake siku nzima bila kuchoka. Watu walikuja kulitazama jiwe la kunolea kama wanavyotazama ngoma ya harusi. Alipounda gari dogo la kukokotwa na ng'ombe, umati uliandamana nalo ukiangalia magurudumu.

Alichimba pia kisima na kukifunga pampu. Maji yaliyopanda yenyewe kutoka chini ya ardhi yaliwashangaza majirani waliozoea kuyateka bondeni. Pampu za wakati huo zilitegemea kipande cha ngozi kinachopanda na kushuka ndani ya bomba. Ngozi ikikauka hupasuka, ikiachwa na mchanga hulika. Kifaa cha namna hiyo kilimtaka mwenyewe awe karibu kila siku, na Mackay alikuwa karibu. Vijana waliokuja kusoma walimkuta akifanya kazi, wakasoma wakimsaidia.

Kazi kubwa kuliko zote aliyoagizwa ilitoka ikulu. Mwaka 1882 alifariki Muganzirwazza, Namasole, mama yake Muteesa. Kabaka alitaka azikwe kwa heshima ambayo haijapata kuonekana, akamwita Mackay. Yalitengenezwa majeneza matatu, moja ndani ya jingine, la nje likiwa kubwa kama nyumba ndogo. Shaba ya jeneza moja ilipatikana kwa kukusanya masinia na vyombo vya ikulu, kuvikata na kuvifua upya kuwa bamba. Wahunzi wa Kabaka walitumwa kumsaidia. Kazi ilidumu karibu mwezi mzima, na vitambaa vingi mno vya magome ya miti viliingia kaburini pamoja na marehemu.

Muteesa, hata hivyo, alikuwa mtu wa siasa. Alihitaji bunduki na baruti kuliko pampu, kwa kuwa Misri ilikuwa ikimtazama kutoka kaskazini. Baraza lake lilikuwa na wafanyabiashara Waislamu wa pwani waliotangulia miaka mingi kabla ya Mackay, na kuanzia 1879 wakawapo pia mapadre Wakatoliki wa Ufaransa. Mackay aligombana na pande zote mbili. Ulimi wake ulikuwa mkali, na katika mabishano ya dini hakuonyesha ile subira aliyoionyesha mbele ya chuma. Biashara ya watumwa aliipinga waziwazi, akiwalaumu wafanyabiashara hao mbele ya Kabaka, na bado Injili aliyoisoma barazani ilikuwa katika Kiswahili, kwa tafsiri za Askofu Steere wa Zanzibar, ikieleweka ikulu kwa sababu watu wa pwani walikuwa wameileta lugha hiyo kabla yake.

Hatimaye Kiswahili hakikutosha. Wasomaji walitaka maneno kwa Kiganda. Mackay alichonga herufi za mbao kwa mkono wake, na baadaye akajitahidi kusubu za risasi. Herufi ya mbao hupasuka kingo. Ya risasi ni laini, na kila karatasi inayogandamizwa juu yake huipunguza kidogo. Kurasa zilizotoka Nateete zilinunuliwa kwa simbi, makaratasi yakapita mkono kwa mkono, na waliozisoma wakaitwa basomi. Mahitaji yalipozidi, herufi zililika, zikayeyushwa na kusubiwa upya.

Miaka ya Mwanga

Muteesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga, kijana bado, akatawazwa katika mwaka wa hofu. Wazungu walikuwa wakigawana Afrika, na habari za Wajerumani pwani zilifika Mengo. Kila msomaji alianza kuonekana kama jasusi.

Januari 1885 Mackay na mwenzake Robert Ashe walikuwa njiani kwenda ziwani pamoja na vijana wao walipozuiwa na askari na kurudishwa. Vijana walikamatwa. Tarehe 31 ya mwezi huo watatu kati yao, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto Busega, mwendo mfupi tu kutoka karakana ya Nateete. Lugalama alikuwa mtoto bado. Mackay alihangaika kuwaokoa akashindwa. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kuja, na Juni 1886 wasomaji wengi, Waanglikana kwa Wakatoliki, walichomwa moto Namugongo.

Mtambo wa chapa haukunyamaza katika miezi hiyo. Mackay aliendelea kutafsiri na kuchapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda, sehemu baada ya sehemu, na karatasi zikasambazwa usiku. Ashe aliondoka mwaka 1886. Mackay akabaki peke yake. Kwa kiasi fulani ufundi wake ndio uliomwokoa: Mwanga aliona faida ya kuwa na mtu anayeweza kutengeneza kitu kilichoharibika. Lakini faida hiyo nayo ilifika mwisho, na Julai 1887 alilazimika kuondoka. Mwaka uliofuata mapinduzi yalipoikumba Buganda, mali ya misheni iliporwa.

Kuna upande wa habari hii usiopaswa kufichwa. Katika barua zake Mackay alizidi kuihimiza Uingereza iingilie kati mambo ya nchi hizi, na mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa chini ya himaya yake. Aliyewafundisha vijana kuzungusha gurudumu alisaidia pia kufungua njia ambayo wajukuu wao walitumia miaka mingi kuifunga.

Usambiro

Alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, katika Tanzania ya leo. Alifyatua matofali, akajenga, akaanza tena. Agosti 1889 msafara wa Stanley uliwasili hapo pamoja na Emin Pasha, watu wakiwa wamechoka na kuugua, wakapumzika kwa majuma kadhaa. Yule ambaye barua yake ilimtoa Mackay Berlin sasa alimwona kwa macho: karakana imara iliyojaa zana, boila ya mashua ikifanyiwa kazi, mtumbwi mkubwa ukitengenezwa nje, na magogo ya mti mgumu yakingoja msumeno.

Wakati huo Mackay alikuwa amekaa Afrika miaka 13 bila kwenda nyumbani hata mara moja. Viongozi wa CMS walimtaka aje Uingereza apumzike. Alikataa kuondoka kabla hajapata watu wa kushika kazi yake. Yeye aliyejua kwamba kila mhimili unahitaji kusimamishwa, kupozwa na kupakwa mafuta, hakuupa mwili wake mapumziko ya namna hiyo, na homa zilikuwa zimeurudia mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni mwa Februari 1890 homa ilimshika tena. Baada ya siku chache alifariki, akiwa na umri wa miaka 40. Mashua ya mvuke aliyokusudia kuishusha ziwani ilibaki nchi kavu.

Alizikwa Usambiro. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishwa hadi uwanja wa Kanisa Kuu la Namirembe, kilima kilicho karibu na Nateete. Nateete yenyewe ina shule yenye jina lake, na pango linalotajwa kuwa ndimo alimokutana na wasomaji wake. Kando ya barabara ya Masaka, mafundi huanza kazi mapema: mmoja anaosha cheni kwa mafuta ya taa, mwingine anakwangua kutu kwenye ekseli aone kama chini yake kuna chuma kizima.